Nilivyoposwa na Muuaji wa Redioni

Ipo siku haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na ilianzia kwenye foleni ya mchele. Nakusimulia kwa sababu jana ulinisomea kwenye simu yako maneno ya watu wanaobishana juu ya hadithi za mauaji na upelelezi. Mmoja kasema hadithi hizo zinaharibu vijana. Mwengine kasema mwandishi anayeweza kumuua mtu kitabuni kwa ufundi kiasi kile, basi moyoni mwake mna jambo. Ukacheka, ukaniuliza naonaje. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na chungu motoni, si kwa kukosa la kusema. Maneno ya huyo bwana wa pili yaliwahi kusemwa ukumbini kwetu, Kikwajuni, na kidogo yanikoseshe mume.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mapinduzi yalikuwa yameshapita miaka kadhaa, majumba ya Michenzani yanajengwa, na mchele na sukari tukivipangia foleni. Nilikuwa msichana, nafundisha darasa la kwanza, na nilikuwa nimeletewa posa. Mposaji alikuwa Salum, fundi cherehani, ana kichumba chake cha kushonea Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja abane ukutani. Alikuwa kijana wa haya. Nguo za kike alizipima kwa gauni la zamani, maana hakuthubutu kumsogelea mtu. Nilimpenda, sikufichi. Siku zile msichana hakulisema jambo hilo, lakini mama yangu alishaona jinsi magauni yangu yalivyokuwa yakifumuka ovyo kila wiki.

Baba aliipokea posa vizuri, akaomba muda wa kuulizia habari za kijana, kama ilivyo ada. Kazi hiyo akampa dada yake, Shangazi Mwanaisha, aliyekuwa akiishi nasi na watoto wake wakati mumewe yuko safari za baharini. Mwanangu, hao wapelelezi wa kwenye vitabu vyako wangekwenda kwa Shangazi kusoma. Alizungumza na majirani wa Salum, na muuza ndizi wa mtaa wao, na mke wa imamu, na bibi kizee mmoja aliyemwogesha alipozaliwa. Akarudi na habari njema tupu. Kijana anaswali, hanywi, hana mke aliyemficha shamba, na nguo za mama yake mgonjwa anazifua yeye kwa mikono yake mwenyewe. Baba akafurahi, akasema Ijumaa baada ya sala atawapa wazee wa Salum jawabu.

Sasa, wakati huohuo redioni kulikuwa na mchezo wa mauaji, ukitoka kila wiki baada ya taarifa ya habari. Mji mzima ulikuwa ukiusikiliza. Matajiri walikuwa wakifa mmoja baada ya mmoja, na aliyewaua ni mwenyeji wao, jina lake Bwana Taratibu. Hakuwa na kisu wala bunduki. Alikuwa na sauti, laini, ya upole, kila neno limewekwa kwa nafasi yake. Anamkaribisha mgeni, anamuuliza habari za watoto, kisha anamwambia, "Kunywa, ndugu yangu. Nimekutilia na tangawizi." Unasikia kikombe kinaanguka, basi. Watu walikaa barazani siku ya pili wakichambua: polisi mzembe, marehemu mjinga, mwandishi kakosea pale. Hao wachambuzi wako wa kwenye simu si wa mwanzo. Hata wanafunzi wangu wa darasa la kwanza, mmoja akiinama kwenye mtungi, mwenzake humwambia nyuma ya sikio, "Kunywa, ndugu yangu," na maji yote hummwagikia.

Nani hasa alikuwa mwenye sauti ile, hatukujua. Majina hayakuwa yakitajwa.

Basi Jumanne tulikuwa kwenye foleni, mimi na Shangazi, tumebakisha watu wachache tu kuufikia mzani. Mbele yetu mwanamke mmoja akawa anajigamba kwa wenzake. "Huyo Bwana Taratibu wenu mimi namjua. Ni Salum, fundi cherehani, mtoto wa jirani yangu. Akitoka redioni anapita mlangoni kwangu."

Shangazi alitoka kwenye foleni. Alitoka tu na kikapu kitupu, akashika njia ya nyumbani. Wewe hukuziona foleni zile, kwa hivyo hujui maana yake mtu kuacha nafasi yake mbele ya mchele. Nilimfuata mbio, na huku moyo wangu umeshajua.

Tulimkuta Baba ukumbini.

"Irudishe posa ya watu," alisema Shangazi.

"Kuna nini? Ana mke?"

"Heri angekuwa na mke. Ndiye yule wa redioni. Yule anayeua."

Baba alicheka. Kisha akamwona dada yake anavyotetemeka, akaacha.

"Ule mchezo, Mwanaisha."

"Mchezo! Mtu hawezi kuitoa sauti ile kama haimo ndani yake. Leo anaua redioni, kesho atamtilia nani kahawa? Si huyu mtoto wetu?"

Baba alimheshimu mno dada yake, maana ndiye mkubwa, na ndiye aliyemlea Bibi alipokuwa shamba. Akajikuna kidevu, akasema, "Basi Ijumaa nitawaambia haikuandikwa." Kwa maneno hayo matatu manne Salum akawa amenipita, na hakuna aliyenitazama usoni kuniuliza.

Nilikwenda stoo nikalia juu ya magunia ya nazi. Bibi yangu, mama yao Baba na Shangazi, alinikuta huko. Jina lake Bi Mize, mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nikamwambia Shangazi ana wazimu. Alinishika sikio, na si kwa kubembeleza.

"Nyamaza hapo. Siku za mapinduzi wewe ulikuwa wapi?"

"Kidichi, Bibi. Nawe."

"Naam. Mimi na wewe tulikuwa shamba, kwenye mikarafuu, mambo ya mjini tukihadithiwa. Shangazi yako alikuwa hapa hapa, peke yake, chini ya kitanda na watoto wawili, na mumewe hajui alipo. Na redio ya jirani inasema. Sauti ya mtu asiyemjua, inatangaza nani atafanywa nini, mchana kutwa. Mumewe alirudi mzima, alhamdulillahi. Lakini mwenye ile sauti hakuwahi kumwona. Umepata kumwona Shangazi yako akikaa ukumbini redio ikiwa wazi?"

Nikafikiri. Kweli, kila redio ilipofunguliwa Shangazi alikumbuka kazi jikoni, ingawa sauti ilimfikia huko huko. Miaka yote ile nilidhani hapendi kelele.

"Mtu akiogopa usilolijua, usimwite mwendawazimu," Bibi alisema. "Kaa naye. Sasa futa hayo makamasi, nnakwenda kuzungumza na baba yako."

Alimwambia Baba amwite Salum nyumbani. Baba akaruka. Mposaji hawezi kuitwa nyumba ya wakwe kabla ya jawabu, watu watasema nini?

"Nani kakwambia umwite mposaji?" alijibu Bibi. "Mwite fundi. Pazia langu la chumbani limechanika."

Na kweli lilikuwa limechanika. Alhamisi baada ya alasiri Salum alikuja, futi ya kupimia imening'inia shingoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye shati. Mimi na Shangazi tuliwekwa chumbani, nyuma ya pazia lilelile. Shangazi hakutaka, lakini Bibi hakuwa mtu wa kukataliwa. Kila mmoja wetu akapata tundu lake la kuchungulia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nimeambiwa wewe ndiye unayeua watu redioni."

Pini zote alizokuwa ameshika zilimwagika sakafuni. Alipiga magoti kuziokota, masikio yamemwiva. "Ni mchezo tu, Bibi. Niwie radhi."

"Najua ni mchezo. Nifanyie."

"Hapa? Siwezi, wallahi. Mbele ya mtu mzima nnaona haya."

"Huko redioni unafanyaje?"

"Nnafumba macho, Bibi. Na nnashika kikombe."

Bibi akampa kikombe cha kahawa kitupu. Salum akakizungusha mkononi, akatazama huku na huku, akaomba ruhusa ageukie ukutani. Akasimama hapo, miguu pamoja, kama mwanafunzi wangu aliyesahau sura ya kusoma. Akafumba macho. Na ile sauti ikatoka.

Mwanangu, hata mimi nywele zilinisimama. Shangazi alinikamata mkono, kucha zikaingia. Alitaka kuinuka akimbie, nikamzuia kwa bega, nikamwambia sikioni, "Tazama, Shangazi. Usisikilize, tazama." Hata sijui maneno yale niliyapata wapi. Alikataa kwa kichwa. Kisha pole pole akasogeza jicho kwenye tundu.

Sauti ilikuwa ikisema vilevile, laini, ya kuua. Lakini mtu aliyekuwa akiitoa alikuwa na jasho shingoni, na nyuma ya suruali yake pana kiraka alichojishonea mwenyewe. Alimkaribisha mgeni, akamuuliza habari za watoto, akampa kikombe, kisha yeye mwenyewe akakoroma roho ya marehemu ikimtoka, maana hapakuwa na mwengine wa kukoroma. Alipomaliza akasema chini kwa chini, kwa sauti yake ya kila siku, "Astaghfirullah."

Shangazi aliniachia mkono. "Kumbe ni mtu," alisema, na hakusema kwa siri. "Kumbe ni mtu tu."

Akalivuta pazia, akatoka ukumbini na kanga zake mbele ya mposaji, jambo ambalo si la kawaida kabisa. Salum nusura aingie ndani ya ukuta.

"Ile sauti umeitoa wapi?"

"Kwa babu yangu, Bi. Marehemu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na homa za mara kwa mara, naye ndiye aliyekuwa akininywesha shubiri. Alikuwa akinibembeleza hivyohivyo. Kunywa, mjukuu wangu, nimekutilia na asali. Waliponiambia niwe mtu mbaya sikujua kuwa mbaya, nikamkumbuka yeye."

Shangazi alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena, na Bibi akaja kukaa karibu yake akamshika mgongo. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka namna ile. Salum alisimama na kikombe chake hajui akiweke wapi. Mimi nilibaki nyuma ya pazia, nikarudisha jicho kwenye tundu langu nimtazame.

Jioni ile redio ilifunguliwa kama kawaida. Shangazi alikaa nasi, akasikiliza taarifa ya habari tangu mwanzo hadi mwisho, mikono imetulia mapajani. Ijumaa Baba aliwajibu wazee wa Salum kwamba tumekubali, na Shangazi ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Mume wangu aliendelea na mchezo wake. Wiki aliyokamatwa Bwana Taratibu, jirani mmoja alituletea sahani ya halua kwa furaha ya kusikia amefungwa, akaikabidhi mikononi mwa Salum mwenyewe. Tuliila.

Basi hili ndilo jawabu langu, mwanangu. Usimhukumu mtu kwa ubaya anaoujua kuusimulia. Huenda kauokota kwenye upendo wa mtu aliyemlea, na wewe hukuwepo. Ukitaka kumjua, tazama anavyoishi na mama yake na jirani zake, kama Shangazi alivyofanya kabla hofu haijamvuruga. Na hizo hadithi za kutisha, zisome ukipenda. Mimi sikumwona mtu aliyeharibika kwa kusikiliza redio ile. Lakini nilimwona aliyekuwa ameharibiwa na sauti isiyo na sura, ya kweli, isiyokuwa mchezo, na hakuna aliyemuuliza kwa miaka. Ukikutana na mtu anayeogopa jambo unaloliona la kipuuzi, usimcheke, wala usimwache peke yake na hofu yake. Kaa karibu naye mpaka aweze kutazama.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe macho ya kuona watu kabla ya kusikia sifa zao. Na siku utakayotetemeka wewe, asikukoseshe mtu wa kukushika bega. Amin.