Bendera ya India Niliyoijua kwa Kichwa

Jumatatu, 9 Novemba 1998. Manyunyu tangu asubuhi.

Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea. Mteja wangu wa Mwanza, Mhindi aliyeniamini mimi wa darasa la saba, aliniagiza bendera ndogo za India kwa sherehe yao ya Januari. Dada Rehema, tunayekaa naye nyumba moja hapa mtaa wa Xiaobei, China, alinionya: "Kaka, si umuulize Mhindi yeyote kwanza?"

"India? Chungwa, nyeupe, kijani, na duara la chungwa katikati. Swali la watoto hilo!"

Nikamchorea bosi wa kiwanda. Kwa haki, yeye hana kosa, alishona nilichochora.

Leo tukazipeleka jengo la Tianxiu Dasha kwa wakala wa mizigo, zipande kontena kesho. Nikiwa kwenye foleni nikapeperusha moja, watu wanione. Bwana mmoja mrefu mwenye kanzu akanirukia, akanikumbatia huku machozi yanamlenga, akisema Kifaransa mfululizo. Nikadhani ameoa Mhindi.

"Anasemaje huyu?" nikauliza.

Mkongo aliyekuwa nyuma yetu alikuwa hoi kwa kicheko. "Ndugu, anakushukuru! Tangu afike China hajaona bendera ya kwao Niger. Ile ya India ina gurudumu la buluu!"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Rehema akaniuliza taratibu, "Kaka, Mwanza kuna watu wa Niger wangapi?"

Jioni tumekula wali na nyama ya kondoo, aliyotuletea yule bwana kwa furaha yake. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kukana.