Safari ya Mombasa Iliyoishia Mfangano

Niliondoka nyumbani kwenda Mombasa kwa fungate, na kila mwalimu wa shule yetu pale Ntimaru alijua. Nilihakikisha wanajua. Wiki nzima kabla ya harusi nilikuwa nikiingia ofisi ya walimu na ramani niliyoichomoa kwenye atlasi kuukuu, nimeichorea mstari mwekundu kutoka kwetu milimani mpaka baharini: Kehancha, Migori, Kisumu, Kericho, Nakuru, Nairobi, Voi, Mombasa. Niliitandaza juu ya madaftari ya watu bila hata kuomba radhi. Mwalimu Gati, ambaye darasa lake lilipakana na langu, aliniagiza makombe ya baharini. Nikamwahidi mfuko mzima. Nikikumbuka domo langu la wiki ile, uso unaniwaka mpaka leo.

Wazo la Mombasa lilikuwa la mume wangu, Ouma. Alikuwa dereva wa lori la kampuni moja ya tumbaku, mzaliwa wa Mfangano, kisiwa kilichoko ziwani upande wa Mbita. Bosi wake alimpa likizo na kumwazima pikapu aina ya Pijo. Nilimwuliza mara moja tu, mbona mtu aliyezaliwa katikati ya maji anipeleke mbali hivyo kuangalia maji. Akacheka, akasema maji ya kwao hayakimbii, tutayaona siku nyingine. Mimi niliitaka Mombasa mno hata sikuuliza swali la pili.

Asubuhi ya kuondoka, wadogo zangu walifunga riboni nyeupe na nyekundu mbele ya pikapu. Mama alinipa mtindi kwenye kibuyu na kuniambia niwasalimie wakwe. Nikamjibu kwamba wakwe hawako Mombasa, mama. Alinitazama tu, akarudi kwa ng'ombe wake. Ouma alipiga honi mpaka tukatoka sokoni, nami nikapunga mkono kama mke wa waziri.

Migori tulifika jioni. Tulikuwa tulale kwa shangazi yake Ouma, dada ya marehemu baba yake, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza nguo sokoni. Kwa Kijaluo shangazi wa namna hiyo huitwa waya, nami nikaanza kumwita hivyo papo hapo. Alitupikia kuku na samaki, akanisifu, akaniuliza habari za ng'ombe wa kwetu. Tulipomaliza kula, akanionyesha kitanda katika chumba cha binti zake. Ouma akaonyeshwa kochi la sebuleni.

Nilifikiri hajaelewa. Kwa ile sauti yangu ya darasani nikamweleza kwamba sisi tumefunga ndoa kanisani, cheti tunacho, kiko ndani ya begi. Waya alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwa upole:

"Mwalimu, cheti sijakataa. Simba yake ndiyo sijaona."

Ilibidi anifafanulie, maana kwetu Kuria neno hilo ni la mnyama. Kwao, simba ni nyumba ndogo ambayo kijana hujijengea karibu na lango la boma la babake akishakuwa mkubwa. Hawezi kulala tena chini ya paa la mamake, na akioa, mke huingizwa mle kwanza. Ouma hakuwa nayo. Mtu mzima, ana mshahara, ana mke wa kanisani, na kwao hana mlango. Waya akasema yeye hawezi kutuwekea kitanda kimoja kabla mama mtu hajatuingiza nyumbani, kwa sababu siku wakikutana atamtazama wifi yake kwa uso gani?

Nilimgeukia Ouma. Alikuwa anapanga miiba ya samaki kwenye sahani, mmoja baada ya mwingine. Hapo nikaielewa Mombasa. Nilikwenda kulala na wasichana wa watu, gauni langu jipya la usiku likabaki ndani ya begi, na wao waliyaziba macheko yao kwa blanketi.

Kesho yake tulipita Awendo bila kusemezana. Karibu na Rongo ndipo aliponieleza. Alipelekwa shule ya bweni Kisii akiwa mdogo, kisha akaenda kazini moja kwa moja. Kila likizo alilala katika simba ya binamu yake. Wenzake wa rika walikuwa wamejenga zamani, wengine wana watoto, naye kila mwaka aliona aibu zaidi kuanza. "Nikishika panga leo watu watasema, huyu mzee ndiyo anaamka," aliniambia. Kwa hiyo alitafuta mahali pa kunipeleka ambapo hakuna mtu wa kumwuliza.

Baada ya Rongo barabara inagawanyika. Ukinyoosha unaenda Kisii na Kisumu, kushoto ni Rodi na Homa Bay. Ouma alisimamisha gari pale na kuzima injini.

"Kata kushoto," nikamwambia.

"Na Mombasa?"

"Kata kushoto, Ouma."

Msidhani ulikuwa ushujaa. Nilikuwa nimepiga hesabu ya safari nzima: Kisumu tungelala kwa mjomba wake, Nakuru kwa dada yake, Nairobi kwa mjomba mwingine. Nilijiona katika chumba cha wasichana kutoka hapo hadi baharini.

Homa Bay tuliingia mchana, jua kali. Ghuba yote ilikuwa imefunikwa na gugu maji, kijani kitupu, ungedhani ni shamba la sukuma wiki lenye mashua zilizokwama katikati. Tulikula katika kihoteli karibu na gati. Mwenye hoteli aliziona riboni kwenye pikapu, akatupongeza kwa furaha ya kweli, akauliza kama sasa tunaenda nyumbani au tunatoka nyumbani. Mhudumu wa petroli aliuliza hivyo hivyo, na mama aliyeuza ndizi pia. Mimi ndiye niliyezifungua riboni zile moja moja na kuzifutika chini ya kiti. Ouma alinitazama akaniacha.

Barabara ya Mbita ilikuwa ya mawe na vumbi, Pijo ya watu ikilia kila kona. Tulifika alasiri, tukaiacha kwa fundi aliyefahamiana na Ouma, tukashuka ufukweni kupanda boti la injini linalovuka kwenda kisiwani. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa juu ya maji maisha yangu yote. Nilishika ubao kwa mikono miwili, begi langu jeupe la harusi likiloa miguuni pangu. Boti zima lilimjua Ouma. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alimwuliza jambo kwa Kijaluo, watu wakacheka, naye akatazama injini. Yule mama akanigeukia kwa Kiswahili:

"Nimemwuliza kama ni wewe uliyekataa kuja kwetu, unayetaka Mombasa."

Kumbe Ouma alikuwa ametuma salamu kwa mamake kabla ya harusi, kwamba atachelewa kufika kwa sababu mke anataka Mombasa kwanza. Hakusema habari ya simba. Alinibebesha mimi mzigo wote, na kisiwa kizima kilikuwa kimenijua kwa sifa hiyo kabla ya kuuona uso wangu. Ningebisha nini mbele ya watu wale? Ramani yenye mstari mwekundu ilikuwa ndani ya begi langu. Niliinamisha kichwa mpaka tukafika Sena, bandari ya kisiwa.

Mama mkwe alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alinisalimu kwa mkono huku macho yake yakiwa begani kwangu. Alitulisha tukashiba. Kisha jua likizama akaamua malazi: Ouma kwa binamu yake, kama siku zote, na mimi nyumba ya nyanya, mahali ambapo wasichana wasioolewa hulala. Wanaiita siwindhe. Basi nilikuwa nimevuka nusu ya mkoa na ziwa juu yake ili nikalale na wasichana tena. Aliponikabidhi mkeka akasema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, "Hapa si Mombasa, utuvumilie."

Nyanya mwenyewe alikuwa mzee sana, mlalamishi, hapendi kelele. Aliwagombeza wasichana kwa Kijaluo, kisha akaanza kunung'unika peke yake kwa lugha nyingine. Nikashtuka. Nilikuwa ninamwelewa! Ilikuwa Kisuba, lugha ya zamani ya kisiwa ambayo vijana wameiacha, na inakaribiana na Kikuria chetu kama ndugu wa baba mmoja. Alikuwa analalamika kwamba moto hauwaki na wageni hawajui kupuliza. Nikapuliza moto, nikamjibu kwa Kikuria kwamba mgeni anajua.

Aliuvuta uso wangu karibu na wake, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilikuwa nimeshikilia siku mbili, sikuweza tena. Nilimwambia yote: Mombasa ilikuwa ya nani, simba haipo kwa nini, nani alituma salamu zile. Nililia kamasi na machozi. Wasichana walitutazama bila kuelewa kitu, nami nikaona nimeyamwaga pahali salama.

Asubuhi, ukoo ulikusanyika uani kunywa uji na kumtazama bibi harusi. Nyanya akatoka, akaegemea fimbo yake, akaanza kusema. Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti, na hakufupisha. Mimi sikuijua lugha hiyo, lakini nilisikia "Mombasa" ikirudi na kurudi, na nilimwona Ouma akiweka kikombe chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wiki ya kwanza ya ndoa haijaisha, na mimi nimemvua mume wangu nguo mbele ya watu wake.

Baba mdogo wa Ouma, ambaye ndiye mkubwa wa boma, alimwuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, kama hayo ni kweli.

Ouma alisimama. "Ni kweli, baba. Mombasa ilikuwa yangu. Niliona haya kujenga nikiwa nimechelewa hivi, nikamsingizia."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alinigeukia, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni. "Mwanangu," alisema, "mimi nimekusema vibaya ziwa zima." Alijifunika uso kwa kanga. Sasa tukawa watatu tunaotazama chini, kila mmoja na yake.

Baba mdogo hakutoa hotuba. Alitembea hadi karibu na lango, akachimba alama kwa kisigino, akaita panga. Watu walitoka kila upande, wengine na fito, wengine na kamba, mmoja na mabati yaliyobaki kwenye jiko lake. Wenzake Ouma walimkunjia suruali wakamtia kwenye shimo la udongo akanyage. "Bwana Mombasa, ongeza maji!" walimwambia siku nzima, naye akaongeza. Nilivua viatu nikashika ndoo. Akina mama walinikataza, wakasema bibi harusi habebi udongo. Nikawaambia huyu wa kwenu atabeba. Mama mkwe alikuja akasimama kando yangu, tukakandika ukuta mmoja, yeye juu mimi chini. Mlango walitengeneza kwa mbao za boti lililokufa, rangi ya buluu bado iko upande mmoja.

Kabla giza halijaingia tulikabidhiwa. Kuta zilikuwa mbichi, ukiegemea unabaki na alama mgongoni. Ouma alifunga mlango wake, akaufungua, akaufunga tena. Nikamwomba radhi kwa ajili ya mdomo wangu, akaniomba radhi kwa ajili ya salamu zake. Tulikuwa na haya hata ya kutazamana, sisi tuliokuwa na cheti.

Likizo ilipoisha, nyanya alitembea mpaka ufukweni kutuaga, na haikuwa kawaida yake. Aliniambia kwa lugha yake, watu wote wakitazama, "Ukija tena, kwangu huna mkeka." Ouma aliniuliza amesema nini. Nilimwambia anatutakia safari njema.

Migori, wakati wa kurudi, waya alituuliza mlangoni kama simba sasa ipo. Ouma akajibu kwamba tumejenga. Waya aliingia ndani akawahamisha binti zake sebuleni, akatandika.

Ntimaru, Jumatatu ya kufungua shule, walimu walikuwa wananingoja. Mwalimu Gati alinyoosha kiganja kudai makombe yake. Nilifungua mfuko nikampimia omena, dagaa wa ziwani. Ofisi nzima ilicheka, wakaniuliza kama bahari ya Mombasa siku hizi inatoa omena, nami nikasema sikufika, nilipitia nyumbani kwetu. Nilichojifunza si kingi: kabla ya kuchora mstari kwenye ramani, muulize mwenzako kwao pakoje. Nililisema hilo nimeificha mikono chini ya meza, kwa sababu udongo ulikuwa haujatoka kwenye kucha. Halafu nikakumbuka kwamba kwa nyanya sina mkeka tena, kwa kuwa nina mlango wangu, nikaiweka mikono juu ya meza.