Hoteli za Karatasi

Kikosi chetu kinatengeneza pampu za maji za maghorofa. Leo tuko kwenye jengo la ofisi karibu na stesheni, kesho hospitali ndogo ya kule kilimani, keshokutwa ghorofa la wapangaji waliokaa siku tatu bila tone. Kwa hiyo hatuna mahali pamoja pa kula mchana. Saa saba ikifika, popote tulipo, lazima mtu aamue tule wapi, na katika mji mkubwa kama huu hilo si jambo dogo. Kila hatua kumi kuna mlango unaonukia kitunguu, na huwezi kujua upi utakushibisha na upi utakulaza kitandani.

Mwamuzi wetu alikuwa Funua.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye faili la ofisi. Sisi tulimwita Funua kwa tabia yake. Pikapu ikisimama anashuka wa kwanza, anafuta mikono kwenye ovaroli, anatangulia. Anaupita mlango wa kwanza na wa pili bila hata kugeuza shingo. Anasimama pale panapopikiwa mbele ya watu, sufuria zimepangwa mstari, anamwinamia mpishi na kusema, "Za mchana, mama. Hebu funua tuone."

Mama mmoja alimjibu, "Wewe umekuja kula au umekuja kuposa?"

"Nikishiba nitakujibu," akasema Funua.

Anaangalia mchuzi unavyochemka na mafuta yalivyokaa juu. Anamwuliza mpishi yeye mwenyewe leo amekula nini. Akiridhika ananyoosha kidole: hiki, na hiki, na kidogo cha kile pale. Mimi ni mtunza stoo, na kazi ikiwa kubwa naandamana na kikosi ili kila kifaa kilichotoka kijulikane kimefungwa wapi. Katika miaka kumi na moja niliyoandamana nao, sijaandika hata siku moja kwamba mtu wetu aliumwa tumbo kwa chakula alichochagua Funua.

Hoteli zenye mlango wa kioo hakuingia. Akimwona mhudumu kasimama kizingitini na menyu kifuani, anacheka. "Hizo hoteli za karatasi. Unakula ulichosoma, hujui ulichopikiwa."

"Huyu siku akifika peponi," dereva wetu alikuwa akisema, "atawaambia malaika wafunue kwanza."

Mimi nilijua sababu yenyewe tangu mwaka wangu wa pili. Kila kifaa kinachotoka stoo kina fomu yake: jina la kifaa, namba, jengo, sahihi ya fundi. Funua akija dirishani husema, "Niandikie, Mama Stoo, mikono ina grisi." Nilimwandikia. Halafu asubuhi moja alifika moja kwa moja kutoka nyumbani, shati limepigwa pasi, mikono inanukia sabuni, akasema maneno yaleyale. Alipojisikia aliitazama mikono yake. Tukatazamana. Nikachukua kalamu nikaandika, yeye akaweka sahihi, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayekaza skrubu ndogo asiikate. Hatukulizungumzia tena.

Mtu mwingine aliyejua alikuwa Cheche, fundi wetu wa kuchomelea. Waliajiriwa wiki moja, miaka kumi na saba iliyopita. Cheche ndiye aliyemsomea kibati cha maelezo cha kila mota, barua za ofisi, matangazo ya ukutani. Funua naye alimpa masikio yake. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye mwili wa pampu inayozunguka, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. "Beringi ya nyuma," anasema. "Haimalizi wiki mbili." Haikumaliza. Cheche hakuweza kuisikia hiyo beringi ya nyuma hata mara moja, ingawa mbele ya wateja alisema, "Tumesikiliza, tumegundua."

Nje ya kazi walikuwa ndugu kabisa. Mke wa Cheche alipolazwa miezi miwili, watoto wao watatu walikaa kwa Funua, kwenye vyumba viwili, pamoja na wanne wake. Kitinda mimba wa Cheche mpaka leo anamwita Funua Baba Mkubwa.

Mwaka huu msimamizi wetu alistaafu. Bosi alikuwa na watu wawili wa kumrithi, Funua na Cheche. Alipita stoo akaniambia moyo wake uko kwa Funua, kwa sababu wateja wakipiga simu humwulizia yeye. "Ijumaa nitawapeleka kula, wao wawili na wewe. Nataka nizungumze nao nje ya ofisi. Mwambie Funua achague mahali, hiyo ndiyo fani yake."

Nilipomfikishia, Funua alifurahi mpaka akasahau kifaa alichofuata. Alichagua kwa mama wa nyuma ya yadi ya mbao, mwenye sufuria saba. Kisha akasogea karibu na dirisha, akapunguza sauti. Kwa mara ya kwanza alisema wazi.

"Ile kazi ina makaratasi, Mama Stoo. Nimeshapanga. Nitakuwa naondoka na fomu jioni, binti yangu anajaza, asubuhi zinarudi. Yuko kidato cha nne, ana mwandiko kama wa mashine. Nani atajua?"

"Na Cheche?"

"Cheche?" Alinishangaa. "Si ndiye aliyenisukuma niombe. Alisema, ndugu yangu, wewe omba, mimi nipo."

Ijumaa tuliingia kwenye gari la Bosi. Cheche alikaa mbele, mimi na Funua nyuma. Funua alivaa lile shati la pasi. Tulifika kwenye yadi ya mbao, tukaipita.

"Bosi, ni hapo hapo kushoto," akasema Funua.

"Cheche kaniambia umebadilisha," Bosi akajibu. "Eti umesema pale pana moshi, hapanifai mimi. Mzee, mimi nimekulia kwenye moshi, lakini asante kwa heshima."

Funua alikitazama kisogo cha Cheche. Cheche hakugeuka. "Leo pumzika, ndugu yangu," alisema akiangalia barabara. "Kila siku wewe, wewe. Leo nimekuchagulia mimi."

Palikuwa na mlango wa kioo, kiyoyozi, vitambaa vyeupe mezani. Hakukuwa na sufuria hata moja ya kuonekana. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta. Mhudumu alileta menyu nne zenye majalada magumu kama albamu za harusi. Funua aliiweka yake mezani, akaweka viganja vyote viwili juu yake, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

"Haya, mtaalamu," Bosi akasema, akifunga ya kwake. "Mimi nakula utakachonichagulia. Sote. Tusomee kuna nini."

Funua alimgeukia mhudumu. "Leo mna nini kizuri, kijana?"

"Yote yaliyoandikwa humo yapo, mzee."

"Miwani nimeiacha nyumbani," Funua akasema.

Hakuwa na miwani. Cheche alitia mkono mfukoni, akatoa yake, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akamsogezea. "Chukua yangu, ndugu yangu. Macho yetu si ni rika moja."

Ndipo nilipoelewa sote tumeletwa pale kufanya nini. Nikafungua menyu yangu nikaanza kusoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea tu. "Naona kuna samaki wa kuchoma, kuna samaki wa nazi, kuna kuku wa..."

"Mama Stoo," Cheche akanikata, anacheka, "mwache msimamizi mtarajiwa atusomee. Kesho si atatusomea ripoti?"

Bosi naye alicheka, kwa kuwa hakujua anachokicheka. Funua hakuigusa ile miwani. Alimtazama Cheche kwa muda mrefu, mpaka mhudumu akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama anavyokuwa kwenye pampu, anasikiliza kitu ambacho sisi wengine hatukisikii.

Kisha akasema, "Bosi, mimi sijui kusoma."

Bosi alidhani ni utani. "Acha bwana."

"Sijui. Baba yangu aliangukiwa na ukuta nikiwa darasa la kwanza, na mimi ndiye wa kwanza kati ya sita. Niliacha shule nikabeba matofali. Hao watano walisoma, mmoja ni mwalimu. Mimi nilijifunza jina langu tu. Aliyekuwa akinisomea miaka yote hii ni huyu hapa." Hakumnyooshea kidole. "Anajua. Ndiyo maana tuko hapa."

Cheche alianza kusema kitu, akaishia kumwita mhudumu alete maji.

Bosi si mtu mbaya, lakini ni mtu wa fomu. Niliiona akili yake ikienda moja kwa moja kwenye makabati ya ofisi. Akanigeukia. "Mama Stoo. Fomu za vifaa za huyu, miaka yote, zinajazwa na nani?"

Kanuni inasema fundi ajaze mwenyewe. Mtunza stoo akijaza, anaweza kutoa kifaa chochote kwa jina la yeyote, na mtangulizi wangu alifukuzwa kwa hilohilo. Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini.

"Binti yangu," Funua akasema. "Naziomba zikiwa tupu, anajaza nyumbani. Mama Stoo anapokea zikiwa tayari. Hajui."

Bosi aliitikia kwa kichwa. Mimi nilitazama kitambaa cha meza. Mtu ameuzwa na rafiki yake dakika hiyohiyo, na bado amebakiza akili ya kunifunika mimi. Ningeweza kusema, "Hapana, ni mimi." Sikusema. Niliagiza samaki.

Funua aliletewa kuku na wali, akaumaliza, akamshukuru mhudumu. Tulipotoka alikataa gari, akasema atatembea. Cheche alimfuata hadi ukingo wa barabara, na mimi nilikuwa nyuma yao hatua mbili.

"Ulikuwa utani tu, ndugu yangu. Sikujua utakwenda mbali vile."

"Ungekuwa utani," Funua akasema, "ungenichekesha na mimi."

"Mimi nina watoto watatu. Ile nafasi..."

"Nawajua. Niliwaogesha."

Akavuka barabara.

Jumatano Cheche alitangazwa msimamizi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ghorofa la wapangaji, pampu kubwa inanguruma na maji hayapandi. Mafundi walifungua hiki wakafunga kile mpaka saa sita. Hatimaye Cheche alimwita Funua. Nilidhani atakataa. Kwenye ngazi akina mama walikuwa wamekaa na ndoo tupu, na mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya dumu. Funua akachukua bisibisi, akasikiliza, akasema, "Feni ya ndani imepasuka. Kuna vipande viwili, kimoja kimekwama." Ilikuwa hivyo. Maji yalipanda. Cheche alipomwekea mkono begani, alilisogeza bega pembeni kama mtu anayepisha mzigo, akasema, "Kazi imeisha, Bwana Msimamizi."

Mchana ule Cheche ndiye aliyechagua mahali pa kula. Funua hakuingia. Alikaa nyuma ya pikapu, kwenye mabomba.

Keshoye alikuja dirishani na karatasi nyeupe. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile la hotelini, nikaanza vibaya, nikarudia. Alinikatiza.

"Wewe ulijaribu. Samaki wako niliwasikia. Sasa niandikie barua, na safari hii andika chini kwamba umeandika wewe. Sitaki tena mtu anifichie kitu."

Nikaandika alivyotamka: anaomba kuhamia kikosi cha upande wa pili wa mji. Nilimwuliza sababu, maana Bosi hapokei barua isiyo na sababu.

"Andika, siwezi tena kula na huyu bwana."

"Bosi atasema hiyo si sababu ya kikazi."

"Atakuwa hajawahi kufanya kazi na mtu. Andika."

Chini nikaandika jina langu na neno "nimemwandikia". Bosi aliponiita nilijua ni kwa hilo. Aliisoma mbele yangu mara mbili, akauliza tangu lini namwandikia, nikamwambia tangu mwaka wangu wa pili. Nilipewa onyo la maandishi, nikaliweka kwenye faili langu mwenyewe. Barua ya Funua aliipitisha.

Jumatatu alikuwa ameshaondoka. Saa nne hivi Cheche alikuja dirishani, hakuwa amefuata kifaa. Alishikashika ukingo wa kaunta.

"Hakuniachia neno?"

"Hakukuachia."

"Hata tusi?"

"Hata tusi," nikamwambia.