Nilivyounda timu ya hoki Doha kwa wachezaji ambao wenzangu hawakuwalinda

Wakuu, poleni na joto. Hii imenikuta mwenyewe, na mashahidi wapo.

Kwa msionijua: shule niliishia darasa la sita, Doha nikaanzia kuosha magari mtaa wa Al Sadd. Leo nina mabasi yangu. Ligi yetu ya hoki ilipotaka timu mpya, mwenye timu angekuwa nani mwingine?

Draft, yaani kugawana wachezaji, iko hivi: kila timu ya zamani inaandika wachezaji inaowalinda. Ambao hawakuandikwa, unajichagulia.

Nikapewa orodha, nikacheka. Otieno, nesi anayepiga mpira kama risasi, hajalindwa. Kipa bora wa ligi, hajalindwa. Nikasema hawa mameneja wamesoma mpaka ubongo umekauka.

"Una uhakika, mzee?" akaniuliza meneja mmoja Mganda.

"Ungekuwa na macho yangu, ungekuwa na mabasi."

"Haya. Mungu awe nawe."

Nikabeba kumi na mmoja. Jezi zote nikaandika jina langu mgongoni.

Mazoezini Otieno aliinua mkono, akaanza, "Boss, kuhusu Ijumaa..." Nikamwambia boss haulizwi.

Mechi ya kwanza, Ijumaa asubuhi kama mechi zote za ligi, uwanja wa Umm Salal. Kanuni: usipofikisha wachezaji saba, timu inafutwa.

Upande wangu tulikuwa mimi na begi la jezi. Simu zao zote zimezimwa.

Yule meneja Mganda, mpinzani wetu siku hiyo, anatafuna karanga. "Mzee, hao Ijumaa wako kanisani Mesaimeer, huku ibada kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Umechagua kwaya nzima. Kwani hukujua?"

Ningejuaje? Kanisa nilimwachia mke wangu kitambo.

Refa akanipa saa moja. Nikawasha basi mbio hadi Mesaimeer. Nawakuta wamejipanga mstari, nidhamu ambayo mazoezini sijawahi kuiona.

Mlangoni yuko Mama Wanjiru, mzee wa kanisa. "Karibu, kaa."

"Nimekuja kuchukua wachezaji wangu."

"Utawachukua baada ya baraka. Kaa, baba."

Nikakaa, mimi mwenye mabasi. Timu ilifutwa nikiwa napiga makofi ya pambio.

Tulipotoka, Mama Wanjiru akaangalia nje. "Hili basi ni lako? Kwaya yetu haina usafiri."

Wakuu, kila timu ililinda watu wake. Mimi hakuna aliyenilinda. Nikachaguliwa raundi ya kwanza.

Nilichojifunza: ukikuta kitu kizuri kimeachwa wazi, muulize aliyekiacha kabla hujamcheka.

Karibuni mnicheke, nimezoea. Ila Ijumaa asubuhi sitajibu, nitakuwa nabeba kwaya.