Vigingi Kwenye Mahindi ya Nkandu

Nkandu alianza kulima nyuma ya mtaa wa Kasapa, pembeni mwa jiji, wakati mtu akisimama pale haoni bati la nyumba hata moja. Shamba alilirithi kwa mama yake: mahindi upande wa juu, mihogo katikati, mboga za lengalenga na vitunguu kule bondeni penye kijito. Mumewe alipokufa, jembe ndilo lililowasomesha watoto wake saba.

Kisha jiji likaanza kumjongelea. Walikuja waliochoka kuchimba madini Kambove, wakaja watu wa Kasai, wakaja na vijana wa mtaa wa Katuba waliooa wakakosa hata kona kwa wazazi wao. Kila mmoja alitafuta mahali pa kulaza watoto. Hao Nkandu hakuwachukia. Aliyemchukia ni Ephraïm, mkubwa wa kijiji, aliyekata mashamba ya watu kuwa viwanja na kuviuza bila kuwauliza wenyewe.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, Nkandu alikuta vigingi vya kupimia viwanja vimepigwa katikati ya mahindi yaliyokuwa yakichipua. Miche ilikuwa imekanyagwa ovyo. Aliving'oa vyote, akavitupa kijitoni, akaenda moja kwa moja kwa Ephraïm na matope mikononi.

Ephraïm alikuwa barazani na wageni wake. Alimwambia kwa upole, kama anayemtuliza mtoto, kwamba nchi imejaa, kwamba akina mama wanazaa bila kupumzika, na uchumi hauwezi kubeba midomo yote hiyo. Ardhi lazima igawanywe.

Nkandu alinyoosha kidole barabarani, yalikopita malori yaliyobeba shaba.

"Shefu, mie nilizaa, sikatae," alisema. "Lakini mukuba inapita hapa na makamyo kila siku, inatoka mu inchi hii, inaenda. Bale batoto nilizaa, kazi yabo iko wapi? Na bantu bote bakijenga juu ya mahindi, batakula nini? Batakula matofali?"

Wageni waliinamisha macho.  Ephraïm alimwambia tu akamuulize aliyenunua kiwanja cha juu, penye vile vigingi, kwa kuwa anamfahamu vizuri.

Nkandu alirudi shambani mbio mbio. Pale juu palisimama mkokoteni wa matofali, na aliyekuwa akiyashusha ni Guelor, kifungua mimba wake. Guelor alikuwa na diploma ya chuo kikuu cha pale pale Kasapa, lakini miaka yote alibeba magunia kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa Kivu. Yeye, mkewe Séphora na watoto watano walilala chumba kimoja Katuba, na mwenye nyumba alikuwa amewaambia watoke.

Guelor alimwona mama yake, akaweka tofali chini.

"Mama, kama niliomba, ungekatala."

"Ningekatala."

"Na batoto bangelala wapi?"

 Hadi dakika ile hasira yote ya Nkandu ilimwelekea Ephraïm; sasa ilimrudia mwenyewe. Aliokota jembe akashuka bondeni, akalima hadi viganja vikachubuka.

Hakuishia hapo. Aliwakusanya wanawake wengine waliokatiwa mashamba, na mpimaji wa viwanja, yule aliyepiga vigingi, aliporudi na kamba zake walimngoja kijitoni na majembe begani. Walisimama pale siku nzima, wakimwambia kwamba bondeni hapimi mtu. Mwisho alikunja kamba akaondoka. Bonde likabaki la mboga. Upande wa juu ulikwenda wote kwenye viwanja, na kipande cha mihogo pia.

Msimu uliofuata Nkandu alisimama kwenye foleni ya unga kwa mara ya kwanza maishani mwake. Unga ulikuwa wa Zambia, na malori yalikuwa yamekwama mpakani, kwa hiyo watu walisukumana kama tai wanaogombea mzoga. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini mvua ileile inayonyesha kule Zambia inawashibisha wenzao, huku wao wakilala njaa. 

Nkandu aliporudi alipita kwa Séphora, kwenye nyumba iliyojengwa palipokuwa na mahindi, akamgawia nusu ya unga mlangoni. Wajukuu walimvuta kanga wakimtaka aingie. Ndani alisikia Guelor akikohoa. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya matofali. Hakuingia; aliwapapasa watoto vichwa, mmoja mmoja, kisha akashuka bondeni kumwagilia vitunguu.