Mkia wa Treni ya Shangazi

Taa ya reli ikigoma kwenye mchezo wake wa treni, shangazi hagusi kibodi. Hukalia mikono yake kwanza, kisha huihoji skrini kwa sauti ya mama mkwe: "Nani kamzuia nani?" Jana taa ya treni yake iling'ang'ania wekundu, na kando yake treni ya mizigo inayoendeshwa na kompyuta ikasimama tuli.

"Zima, uwashe," mumewe akasema.

"Wewe mgonjwa unamtibu kwa kumzika?"

Akafuata reli kwa kidole hadi njia zinapokutana, akacheka. Behewa lake la mwisho lilikuwa limeziba njia ya mwenzake. Akaisogeza treni yake mbele kidogo, bila kuipita taa; ile ya mizigo ikapita, na taa yake ikawa kijani.

"Kompyuta ilikosea wapi?" mumewe akauliza.

"Haikukosea. Ilikuwa inanisubiri, tena bila kuguna kama wewe."