Fundi Anayekagua Nyumba Mvua Ikinyesha

Fundi huyu hakagui nyumba kuukuu siku ya jua. Husubiri mvua ya Tukuyu ikolee, ndipo avue viatu asikilizie unyevu wa sakafu, achokonoe mbao za dari kwa bisibisi. Atupakisye, aliyechoka kupanga na sasa akitaka kununua nyumba hii, alimfuata roho mkononi. Nyuma ya kabati wakakuta rangi mbichi. "Nimerembesha tu," mwenye nyumba akacheka. "Mbona umerembesha kona hii peke yake, mzee?" fundi akamuuliza. Akapiga magoti, akanusa ukuta, kisha akatoka mvuani kutazama paa. Akarudi amelowa chapachapa, anatabasamu. "Msingi mzima, mama. Gata la kukingia maji ya paa ndilo limetoboka, maji yanapiga ukuta. Mzee aweke jipya kwanza, ndipo muandikishane mauzo." Atupakisye akavua khanga ya begani, akaanza kupimia madirisha mapazia.